Bustani Iliyotolewa kwa Makofi

Mun Jeomrye alikuwa mtu wa kuuliza. Mgeni hakuweza kupita kijiji cha Darakgol, hata awe amepotea njia tu na anageuza gari, bila kuulizwa anatoka wapi, kafuata nini, ameoa au bado, na kama ameoa, mkewe anajua kupika. Muuza samaki aliyekuja na gari lake kila wiki aliwahi kukiri kwamba Jeomrye anazijua habari za mama mkwe wake kuliko anavyozijua yeye. Mwanawe aliyeko Busan alikuwa akimwambia kwenye simu, "Mama, watu hawapendi kuulizwaulizwa," naye humjibu, "Nani kakwambia? Uliwauliza?"

Kijijini hakuna aliyemwita Jeomrye. Huko mke huitwa kwa pale alipotoka siku ya harusi, na yeye alitoka Hadong akiwa msichana mwenye mashavu mekundu, basi akawa Mama wa Hadong, na ndivyo alivyo mpaka leo nywele zimekuwa nyeupe. Mumewe, Dalsu, alifariki mwaka juzi. Watoto wako mijini. Nyumbani kwake televisheni huongea peke yake tangu asubuhi. Si kwamba anaitazama, ila nyumba ikikaa kimya anaona kama nayo imemfia.

Kwa hiyo maisha yake hasa yalikuwa bustanini. Kando ya kijito cha Darakgol kuna mstari wa miti ya kivuli iitwayo neuti, mizee, minene, iliyopandwa na mababu wa kijiji ili upepo usilaze mpunga. Zamani wilaya ilikuja ikapaandika pale kuwa bustani ya umma, ikaweka kibao na choo, na tangu siku hiyo pakawa mahali pa kila mtu, yaani kwa watu wa Darakgol pakabaki pao. Chini ya mti mkubwa kuliko yote kuna jukwaa la mbao, lafika magotini, alilolipiga misumari Dalsu mwenyewe. Mpunga ukishapandwa, mpaka baridi irudi, wanawake wa kijiji hushinda hapo. Humenya vitunguu saumu, hukata tikiti, husengenya, hulala usingizi wa mchana midomo wazi. Jeomrye alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Kama kuna mahali duniani alipojiona hajafiwa, ni hapo, mgongo ukiwa umeegemea shina.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita kipaza sauti cha kijiji kilikohoa. Mwenyekiti Ki Jongsam hukohoa kwanza kila mara, kama anayebisha hodi.

"Ndugu wanakijiji. Wilaya imesema haina tena watu wa kukata nyasi za bustani yetu. Inataka kumkabidhi mtu usimamizi. Kijiji kikiutaka, kijitokeze. Kuna na kampuni ya mjini inautaka, iweke mahema ya watalii. Mkutano kesho ukumbini, baada ya chakula cha mchana. Na mwenye mbwa aliyekula kuku wangu, naye ajitokeze."

Jukwaani habari ilipokelewa kwa visu vya saumu vikiwa kazini.

"Mahema?" alisema Mama wa Boseong. Huyu alikuwa mdogo kuliko wote pale, sitini na kitu tu, kwa hiyo ndiye aliyekuwa akitumwa maji. "Watu wana nyumba zao za ghorofa huko, waje kulala chini na mbu?"

"Tena wanalipa," alisema Jeomrye. "Nimeona kwenye televisheni. Wanalipa ili walale chini."

"Si waje kwangu! Nitawalaza chini bure, na mbu nitawaongezea."

Mama wa Namwon, aliyekuwa akikaribia miaka tisini na ambaye wote walimwita Dada Mkubwa, hakuinua macho. "Babu wa mume wangu ndiye aliyeupanda mti huu. Atakayeleta hema hapa nitamfukuza kwa kisu hiki hiki."

"Na nyasi, Dada Mkubwa? Nazo utazikata kwa kisu hicho hicho?"

Walicheka, lakini si sana. Nyasi zilikuwa zimefika magotini. Dalsu alipokuwa hai ndiye aliyezikata, mwaka nenda mwaka rudi. Tangu afe, walikuja vijana wa wilaya mara moja moja, wakapita na mashine zao mbio mbio kama wanaofukuzwa, na sasa hata hao hawaji. Kijiji kina chama cha vijana, ndiyo, ila mwenyekiti wa vijana ana mjukuu chuo kikuu na goti la chuma.

"Mimi najua moja tu," alisema Jeomrye. "Jukwaa hili haliondoki hapa."

"Hilo nalo ni la kusema?" alimkemea Dada Mkubwa.

Wote walikuwa na neno moja. Lau jambo lingekatwa pale pale jukwaani, lingekwisha kabla saumu hazijakwisha.

Kesho yake kijana wa kampuni alifika ukumbini na keki za mchele zikiwa bado zinatoa mvuke, na taulo kwa kila mtu. Hapo mambo yalikuwa yameshaharibika, maana utakulaje keki ya mtu halafu umkunjie uso? Aliitwa Tak. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, ndani ya suti iliyoonekana kama ameiazima. Jeomrye alikaa mbele kabisa ili asipitwe na kitu.

"Wewe ni Tak wa wapi?" alimuuliza kabla hajafungua mdomo.

"Nimezaliwa Mokpo, mama."

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Anauza samaki sokoni."

"Anajua kama umekonda hivi?"

Ukumbi ulicheka. "Mama wa Hadong, mwache aseme," alisema Mwenyekiti Ki.

"Si anasema? Nimemziba mdomo?"

Tak akaeleza. Nyasi zitakatwa kila wiki. Choo kitasafishwa. Taa zitawekwa njiani ili wazee wasijikwae. Yote yalikuwa mazuri, na watu walitikisa vichwa kwa kukubali huku wakitafuna.

"Na jukwaa letu?" aliuliza Jeomrye.

"Litabadilishwa, mama. Tutaweka mapya, mengi, yenye paa."

"Nitakaa lini?"

"Wakati wowote. Ila unaweka nafasi kwanza."

"Naweka nafasi ya kukaa?"

"Kwa simu, mama. Unabonyeza tu."

"Na kama sijui kwamba nitataka kukaa? Napita zangu na ndoo, mara miguu inauma, nakaa. Hiyo naibonyeza wapi?"

Tak hakuwa mwongo, na hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake katika kazi ile. "Nitauliza ofisini," alisema kwa sauti ndogo, na alipoinama kuaga, makaratasi yake yakaporomoka sakafuni. Akayaokota. Akasimama, masikio mekundu, akingoja mtu aseme neno. Feni ilizunguka. Jeomrye alimtazama yule kijana, na akilini akamwona mama yake kule Mokpo, mikono ndani ya barafu ya samaki, akiamini mwanawe yuko kazini anaheshimiwa. Huruma ikamjaa. Mikono yake ikaanza yenyewe, pa, pa, pa. Mtoto wa watu ametoka mbali, kaleta keki, kaongea, basi ashukuriwe. Wa nyuma wakafuata, na wa nyuma yao wakafuata, mpaka ukumbi mzima ukawa unavuma.

Sasa, Darakgol hawainui mikono mkutanoni. Ukiinua mkono, jirani anaona ulikuwa upande gani, na kesho unamhitaji akuazime mashine ya kunyunyizia dawa. Kwa hiyo mambo yao huamuliwa kwa makofi. Yakivuma, jambo limepita. Yakififia, halikupita, na hakuna aliyemkatalia mwenzake usoni. Hivyo ndivyo walivyojenga daraja, na hivyo ndivyo walivyomchagua Mwenyekiti Ki, mwaka baada ya mwaka.

Naye Ki aliruka kutoka kitini. "Vizuri! Nimesikia. Imepita kwa makofi. Kampuni ipewe." Akagonga meza kwa kikombe, akachukua kofia yake, akatoka.

Keki ilimkwama kooni Mama wa Boseong, ikabidi apigwe mgongoni. Jeomrye alibaki na viganja vimetazamana, kama mtu aliyeua mbu akagundua ni kipepeo.

Asubuhi iliyofuata jukwaani walimenya saumu tu.

"Nani alianza?" aliuliza Dada Mkubwa hatimaye, ingawa alijua.

"Mimi. Nilikuwa namshukuru."

"Nami nilipiga kwa sababu ulipiga wewe. Nikasema, Mama wa Hadong ana hila yake, anajua anachokifanya."

"Sikujua chochote!"

"Mimi nilikuwa napangusa unga wa keki," alisema Mama wa Boseong. "Ikaonekana kama napiga."

Jeomrye hakuweza kutulia. Akazunguka nyumba hadi nyumba akiuliza. Kijiji kizima kilipiga makofi, na kijiji kizima hakikutaka. Wengine walipiga kwa adabu, wengine kwa ajili ya taulo. Mzee mmoja alisema alikuwa usingizini, akaamshwa na kelele, akapiga ili isionekane kwamba alilala. Hakuna aliyemlaumu Jeomrye, na hilo ndilo lililomtesa. Mti wa Dada Mkubwa na jukwaa la Dalsu, amevigawa yeye, kwa mikono yake hii, na watu wanamwambia "basi tu" na kumkaribisha chai. Siku ile hakula chakula cha jioni. Hata televisheni aliizima.

Kukapambazuka na swali moja likimtafuna. Yule Ki alikuwa na haraka ya nini? Mtu ambaye kwa kawaida huuvuta mkutano mpaka watu wasinzie, safari hii aliufunga kama anayefunga mlango wa banda la kuku. Akamfuata shambani, akamkuta anafunga miche ya pilipili kwenye vijiti.

"Mwenyekiti, yale makofi yalikuwa ya asante."

"Makofi ni makofi, Mama wa Hadong. Nitayabaguaje? Haya ya asante, haya ya ndiyo?"

"Ulijua."

Ki akafunga mche mwingine.

"Ulijua, ndiyo maana uliruka vile. Kwa nini?"

"We mama, hujui kuacha?"

"Sijui. Kwa nini?"

Ki akatupa kamba chini, akavua kofia. "Kwa sababu kijiji kikiuchukua usimamizi, wa kukata nyasi ni mimi. Nani mwingine? Dalsu alikata miaka yote, nanyi mkakaa jukwaani mkidhani nyasi zinajikata. Sasa Dalsu hayupo. Mgongo wangu huu nikiinama siinuki mpaka mke wangu aje anivute. Kila mtu ni bustani yetu, bustani yetu. Sijasikia hata mmoja akisema mashine yangu."

Jeomrye alikumbuka suruali za Dalsu zilizojaa vipande vya nyasi, alivyozikung'uta uani na kuzifua, na jinsi ambavyo yeye, anayemuuliza kila mtu kila kitu, hakuwahi kumuuliza mumewe kama anachoka.

"Wilaya wameshatia saini?" aliuliza.

"Bado. Wiki ijayo."

"Nikikuletea mikono ya kukata, utaitisha mkutano tena?"

"Mikono gani? Ya Dada Mkubwa?"

"Nijibu. Utaitisha?"

"Ilete kwanza tuione," alisema Ki, akainama kuokota kamba, akagutuka, akashika kiuno.

Mlimani, juu ya kijiji, kuna nyumba nyeupe chache zenye madirisha makubwa. Wanakaa watu waliostaafu mijini, wakaja kutafuta hewa. Kijijini waliitwa "wa juu," na hakukuwa na ugomvi wowote nao. Wa juu waliinamisha kichwa wakipita, wa chini waliinamisha kichwa, basi. Kwa miaka mingi Jeomrye alikuwa akijiuliza wanakula nini mle, kwa nini wanafunga mapazia mchana, na kama ni kweli mbwa wao wanalala ndani. Lakini ili kuuliza ingebidi kupanda kule, na kule hakuna aliyekuwa akipanda. Sasa alichukua figili kubwa na bakuli la kimchi, kabichi ya kuchachushwa na pilipili, maana huendi nyumba ya mtu mikono mitupu, akapanda, moyo ukimdunda kwa hofu na kwa hamu ya kuona.

Mlango ulifunguliwa na Bwana Pyo Inho, aliyekuwa dereva wa treni maisha yake yote. Mkewe, Wolha, alikuja mbio akifuta mikono. Kwenye kochi alikuwepo mbwa.

"Karibu ukae, mama."

"Na huyu naye anakaa?"

"Huyo ni wa humu humu ndani."

"Namwona." Jeomrye akakaa ukingoni, akamtazama mbwa, na mbwa akamtazama yeye. Kisha akaanza. Kwa nini viti viwili tu? Watoto wako wapi? Mashine ile inayonguruma ni ya nini? Ya kahawa? Yote hiyo kwa kikombe kimoja? Wolha alijibu kila kitu, tena kwa furaha, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Kupitia dirishani, bandani, Jeomrye akaona mashine ya kukatia nyasi, kubwa, nyekundu, yenye kiti.

"Ile unaipanda?"

"Naipanda," alisema Pyo, akaona haya kidogo. "Nilizoea kuendesha kitu."

"Unakata nini nayo? Ua wako si mkubwa kuliko blanketi."

"Hicho ndicho ninachomuuliza kila siku," alisema Wolha.

"Kule chini nyasi zimefika magotini. Mbona hushuki?"

Mume na mke wakatazamana. "Tulidhani si mahali petu," alisema Pyo.

"Ni bustani ya umma! Si kuna kibao?"

"Kibao tulikiona. Mwaka ule tuliohamia tulishuka siku moja. Mlikuwa mmekaa jukwaani. Tukasalimu, mkaitikia. Tukasimama kidogo."

"Halafu?"

"Halafu tukarudi," alisema Wolha. "Hakuna aliyetukosea, mama. Ila hakuna aliyesogea."

Jeomrye alijaribu kuikumbuka siku hiyo. Hakuipata. Mambo yote anayoyakumbuka, hata jina la mama mkwe wa muuza samaki, na hili halikuwepo kichwani hata chembe.

"Na mikutano je? Kipaza sauti hamkisikii?"

"Tunakisikia. Kinasema 'ndugu wanakijiji.' Kila mara tunaulizana, hivi ni sisi?"

Jeomrye aliteremka mlimani akiwa na ahadi ya Pyo na mashine yake, lakini uso ukimwaka. Siku zote hizi alikuwa akiogopa mgeni atakuja kuzungushia uzio jukwaa lake. Kumbe uzio ulikuwepo, na yeye alikuwa akikaa upande wa ndani. Alitembea polepole, na alipofika kijitoni alikuwa ameshaamua la kufanya, ila alijua nani atampinga.

"Wa juu?" Dada Mkubwa alikaza kisu. "Wale wamekuja jana. Leo watashika mashine, kesho watashika jukwaa."

"Na mimi nilikuja lini?"

"Wewe uliolewa."

"Na bado mnaniita wa Hadong. Nimezaa hapa, nimezika hapa, na mnaniita kwa nilikotoka. Niambie basi, Dada Mkubwa. Nimeshafika au bado niko njiani?"

Mama wa Boseong alikohoa ili asicheke. Dada Mkubwa alimenya saumu mbili nzima. "Una mdomo wewe," alisema mwishowe, na kwake huko kulikuwa ni kukubali nusu. "Mbwa asije."

"Nitawaambia."

Ki alipoletewa habari, kipaza sauti kikakohoa. "Ndugu wanakijiji," alisema Mwenyekiti Ki, kisha akavuta pumzi, ikasikika kijiji kizima. "Na wa juu. Nanyi pia. Wote mje."

Wa juu walikuja wote, wakakaa mlangoni karibu na viatu, ingawa mbele kulikuwa na nafasi. Tak naye alikuja, safari hii bila keki. Ki alisimama, akasema juzi palitokea mchanganyiko kidogo, kwa hiyo jambo litaulizwa upya. Alilisema hilo akitazama dari.

"Wanaotaka kampuni ipewe bustani, makofi."

Feni ilizunguka. Tak alikuwa amesimama mbele, mikono mbele ya suti. Jeomrye alikuwa ameikalia mikono yake, ameibana chini ya mapaja kabisa, na viganja vilimwasha kama vimeshika pilipili. Yule kijana alimtazama yeye, kwa kuwa katika watu wote wale ndiye pekee aliyemjua. Jeomrye alitamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kumwambia kwamba kosa si lake, kwamba ni mtoto mzuri, kwamba ale zaidi. Lakini pale hakukuwa na namna ya kumwambia chochote isipokuwa kupiga makofi, na hilo ndilo asiloweza kulifanya. Masikio ya Tak yakawa mekundu, yakazidi. Akainama mpaka chini. "Nimeelewa," alisema.

"Wanaotaka ishikwe na kijiji," aliendelea Ki haraka, "cha chini na cha juu pamoja, Bwana Pyo na mashine yake, na sisi na mikono tuliyonayo."

Mikono ya Jeomrye ikatoka mafichoni. Mbele kukavuma, katikati kukavuma, na mlangoni wakachelewa, maana hawakuwa na hakika kama wanaruhusiwa. Pyo alimtazama mkewe kwanza, ndipo akaanza. Dada Mkubwa alipiga mara moja tu, akaweka mikono yake mapajani. Kikombe kikagonga meza.

Jeomrye alimkimbilia Tak nje akivaa viatu, akamsukumia mfuko wa figili na kimchi. "Mpelekee mama yako. Utagombezwa ofisini?"

"Kidogo, mama."

"Waambie ni bibi mmoja mkorofi ndiye aliyeharibu."

Tak akatazama nyuma yake, mlangoni, aliposimama Dada Mkubwa amemkunjia uso. "Nitawaambia ni wawili," alisema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Siku ya kukata nyasi walianza mapema kabla ya jua kuwa kali. Pyo alikaa juu ya mashine yake nyekundu, mgongo umenyooka, akitazama mbele kana kwamba kuna stesheni. Wanawake walimfuata na miundu, wakikata kwenye mizizi ambako mashine haifiki. Wa juu wengine walikuja na reki mpya zenye bei bado zimebandikwa, na Mama wa Boseong akawaonyesha jinsi ya kuzishika. Mwenyekiti Ki, kwa sababu ya mgongo, alitoa amri, na hakuna aliyezifuata. Kufikia mchana bustani ilikuwa inanukia nyasi mbichi mpaka barabarani, na Jeomrye alikuwa na furaha hata akaimba kidogo.

Tambi baridi zilipakuliwa jukwaani, kwenye supu ya soya yenye barafu. Wanawake wakapanda, kila mmoja mahali pake pa miaka yote, wakakizunguka chungu. Jeomrye alikuwa pale kwenye shina, mgongo wake unapopajua. Alikuwa ameshatia vijiti vya kulia kwenye bakuli alipomwona Wolha amesimama chini, bakuli mkononi.

"Mpisheni jamani," alisema.

Wakasogea. Kila mtu alisogea kidogo, kwa moyo mweupe kabisa, na ukijumlisha wote hapakupatikana mahali pa kukaa paka. Wolha alitabasamu. "Niko sawa, mama, nitakula nimesimama." Jeomrye alitazama kulia, akatazama kushoto. Nafasi ya mtu mmoja ilikuwepo moja tu, na ni ile ambayo kwa ajili yake alikuwa amekosa usingizi.

"Njoo ukae hapa."

"Na wewe?"

"Mimi nimekaa hapa tangu wewe unasoma shule. Kaa."

Akashuka, akavaa viatu, akasimama kwenye nyasi zilizokatwa na bakuli lake. Hakuwahi kusimama pale saa ya chakula, hata siku moja. Alipoinua macho aliona migongo. Mgongo wa Dada Mkubwa, mgongo wa Mama wa Boseong, migongo yote na blauzi zake za maua, imeinamia chungu, imebanana. Zaidi ya uso wa Wolha kule kwenye shina, hapakuwa na uso hata mmoja. Wanaongea, wanacheka, na mtu aliyesimama hapa hasikii ni nini kinachochekesha. Basi hapa ndipo Pyo na mkewe waliposimama siku ile, wakasalimu, wakaitikiwa na migongo hii, na uso pekee ulioelekea huku ulikuwa wake, nao haukuwaona.

"Hebu geukeni," alisema.

"Tugeukie wapi? Chungu kiko huku," alisema Dada Mkubwa, kinywa kimejaa.

"Geukeni!" Mmoja mmoja wakageuka, vijiti mkononi, kutazama kuna nini. Nyuma yake, kwenye nyasi, wa juu wengine wote walikuwa wamesimama na mabakuli yao.